Kilichobaki Moto Ulipopita

Kipande cha makaa kikivunjwa hutoa mlio mkavu, na uso mpya unaofunguka hung'aa kwa weusi. Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, mlio huo husikika kila jioni kwenye vibanda ambako makaa hupimwa kwa mkebe, kwa gorogoro na kwa debe. Mtu aliyetoka kibaruani, na watoto wanangoja ugali, hana muda wa kukichunguza kipande hicho. Kinaingia jikoni, kinawaka, kinakuwa jivu, jivu linamwagwa. Anayekiweka chini ya hadubini ndiye huona kilichomo. Kuta za seli za mti zimesimama. Mifereji iliyopandisha maji kutoka mizizini hadi majanini bado iko wazi, imepangana vilevile ilivyopangana mti ulipokuwa hai. Moto umefukuza maji, utomvu, mafuta na gesi, lakini nyumba yenyewe haukuibomoa.

Kuta hizo zikitandazwa zote, gramu moja ya makaa yaliyochomwa vyema inaweza kutoa uso wa zaidi ya mita 200 za mraba. Chumba cha kupangisha cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho makao ya familia nyingi Kaptembwo, hakifiki mita kumi za mraba. Basi katika punje unayoweza kuishika kwa vidole viwili mna nafasi ya vyumba zaidi ya ishirini. Hakuna fundi aliyeichonga nafasi hiyo. Iliwekwa ndani ya mbegu kabla mti haujaota, ikatumikia maji na chakula cha mti kwa maisha yake yote, na moto ulipopita ikabaki wazi kwa kazi nyingine. Ninaposema Mwenyezi Mungu hatupi kitu, huwa nina picha hiyo akilini.

Mabaki ya mimea yakichomwa hewa ikiwa tele, huishia jivu, na kaboni yao karibu yote hurudi angani. Hewa ikinyimwa, kwenye joto la nyuzi 350 hadi 700 hivi za selsiasi, karibu nusu ya kaboni hiyo hubaki. Inajifunga katika umbo gumu ambalo vijidudu na kuvu wa udongoni hawaliwezi upesi, ndiyo maana kaa lililofukiwa hudumu mamia ya miaka, pengine maelfu. Makaa ya namna hii, yaliyotengenezwa kwa ajili ya udongo au mifugo na si kwa ajili ya jiko, wataalamu wa kilimo huyaita bayocha. Mengi yameandikwa kuhusu bayocha shambani. Mimi nataka kuifuata safari yake ndani ya mwili wa mnyama, kwa sababu naamini hapo pana mpango wa ajabu ambao tumeishi nao jirani bila kuutazama.

Katika Bonde la Ufa la kati jambo hili halikuanzia maabara. Wakalenjin wamekuwa wakiyalaza maziwa ndani ya makaa tangu zamani za mababu. Kibuyu, sotet kwa lugha yao, huoshwa na kukaushwa. Kijiti cha senetwet, kile kichaka cha maua ya manjano kinachoota kando ya njia na mashamba, huchomwa hadi kiwe kaa jekundu, kisha huingizwa kibuyuni na kusagwa kwenye kuta za ndani kwa kijiti cha ukindu kilichochanuliwa ncha kama brashi. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hutiwa humo, kibuyu hufunikwa, siku zinapita. Yakimiminwa yamekuwa mursik, yamebeba rangi ya kijivu inayoelekea buluu na harufu ya moshi mtamu. Wanariadha wetu wakirudi na medali hupokewa kwa kibuyu hicho palepale uwanja wa ndege. Wamaasai nao hutumia vijinga vya mzeituni mwitu kusafisha vibuyu vyao vya maziwa. Akina mama waliojua ni mti upi uchomwe na ni upi uachwe walikuwa wamejifunza kwa kuonja, kwa kuangalia na kwa kukumbuka, na elimu yao inastahili heshima ileile tunayoipa elimu iliyoandikwa.

Ushahidi mwingine uko Unguja, na huo umenishangaza kuliko wote. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, kwa asili hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Wengine wao wanaishi pembezoni mwa msitu wa Jozani na kuingia katika mashamba ya watu, ambako hula majani ya mkungu na ya mwembe. Majani hayo yana protini nyingi, lakini yamejaa pia kemikali za kujilinda ambazo huzuia usagaji wa chakula na zikizidi hudhuru. Mwaka wa 1997 mtafiti Mmarekani Thomas Struhsaker na wenzake walichapisha habari ya wanachofanya kima hawa. Huyaendea matanuri ya makaa yaliyokwisha kupoa, na visiki vilivyoungua, wakachukua vipande na kuvila. Makaa hayo yalipopimwa katika maabara yalionekana kuzinasa vizuri kemikali hizo za majani. Si makundi yote yanayofanya hivyo. Wanaokula makaa ni wale walio karibu na mashamba, wenye kula majani hayo makali, na watafiti waliona dalili kwamba mtoto hujifunza kwa kumwangalia mama yake.

Nani aliyemwambia punju wa kwanza? Hana kitabu, hana daktari wa mifugo. Aliumwa na tumbo, akaonja kitu cheusi kisicho na ladha wala harufu ya chakula, akapata nafuu, akarudia. Uwezo wa kuunganisha hayo mawili umo ndani yake tangu alipoumbwa, na mimi nausoma kama alama ya uangalizi wa Muumba kwa kiumbe ambaye binadamu amempunguzia msitu.

Tumbo la kima punju limegawanyika vyumba, na humo bakteria huyachachua majani kabla ya kusagwa zaidi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao si jamaa zake wa karibu hata kidogo, wamepewa mpango wa jinsi hiyohiyo. Tumbo kubwa la ng'ombe aliyekomaa hubeba lita 100 hadi 200. Mna giza, mna joto la nyuzi 39 hivi, na oksijeni karibu haimo. Katika mililita moja tu ya majimaji yake kuna bakteria bilioni kumi hivi, mbali na viumbe wengine wadogo waogeleao na kuvu wanaopenya nyuzi za majani. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzi hizo. Napia anayokatiwa asubuhi ingempitia tumboni bila faida kama si wageni hao aliowapa makao. Kwa kuwa anacheua, anairudisha mdomoni na kuitafuna tena, anawasagia wao. Wao wanavunja, wanazaana, wanakufa, na miili yao wenyewe inakuwa protini ya ng'ombe. Maziwa yanayouzwa Kaptembwo kwa glasi na kwa chupa yametoka kwenye maafikiano hayo ya viumbe ambavyo havijawahi kuonana.

Maafikiano hayo yana gharama yake. Majani yakichachuka hutoa hidrojeni, na hidrojeni ikijaa uchachukaji huzubaa. Kwa hiyo kuna aina ya viumbe wadogo wa kale sana ambao kazi yao ni kuitumia hidrojeni hiyo pamoja na kabonidioksidi na kutengeneza methani. Ng'ombe huitoa methani kwa kubeua, lita 200 hadi 500 kwa siku. Hiyo ni nguvu ya chakula inayopotea, kati ya asilimia 2 na 12 ya kile alichokula kulingana na aina ya malisho. Tena methani ikifika angani huongeza joto la dunia mara 28 hivi kuliko uzito uleule wa kabonidioksidi, ukihesabu kwa miaka 100.

Hapa ndipo watafiti walipojiuliza kama makaa yangefaa. Vitundu vyake vingewapa viumbe wadogo mahali pa kukaa kwa ukaribu, na uso wake, ambao huweza kupitisha chembe za umeme kutoka kiumbe hadi kiumbe, ungebadilisha njia ambayo hidrojeni hufuata. Mwaka wa 2012 Ron Leng, T. R. Preston na Sangkhom Inthapanya walichapisha matokeo kutoka Laos. Ng'ombe waliolishwa mihogo na majani yake, wakiongezewa makaa ya kapi za mpunga kwa kiasi cha asilimia 0.6 tu ya chakula, walitoa methani pungufu kwa asilimia 22 hivi na kuongeza uzito kwa kasi zaidi kwa robo. Habari hiyo ilienea. Mwaka wa 2019 watafiti wa Kanada walijaribu makaa ya msonobari kwa mitamba waliokula silaji ya shayiri, na methani haikupungua, ingawa jamii ya viumbe wa tumboni ilibadilika kidogo.

Anayempenda Mungu hana haja ya kuficha matokeo ya pili ili ya kwanza yapendeze. Makaa ya kapi za mpunga si makaa ya msonobari, na joto la kuchomea hubadilisha kila kitu, na tumbo lililozoea mihogo si tumbo lililozoea shayiri. Kila mti ulijengwa kwa namna yake, na kaa linabeba ujenzi huo. Yeyote anayekuja Kaptembwo kuuza mfuko wa unga mweusi akiahidi kwamba ng'ombe wa kila mtu ataongeza maziwa asipewe pesa.

Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba makaa hunasa sumu. Warumi walilijua kwa namna yao: Cato Mzee, aliyeandika kuhusu kilimo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, aliweka makaa miongoni mwa vitu vya kumpa fahali anayehofiwa kuugua. Hospitali leo hutumia makaa yaliyosafishwa kwa mtu aliyemeza sumu za aina fulani. Mwaka wa 1982 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mbuzi waliopewa aflatoksini kwa wingi wangeweza kuokolewa kwa makaa ya namna hiyo. Kwetu Kenya neno aflatoksini lina uzito. Mwaka wa 2004 mahindi yenye ukungu yaliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui, na ng'ombe anayelishwa mahindi yaliyooza huipitisha sumu hiyo hadi kwenye maziwa. Hata hivyo makaa hayachagui sana. Yanaweza kunasa dawa ya minyoo uliyomnywesha mnyama asubuhi, na vitamini pia, ndiyo maana hayafai kutolewa pamoja na dawa wala kila siku bila kikomo. Na mahindi yenye ukungu dawa yake ya kwanza ni kuyatupa.

Kwangu mimi sehemu nzito ya habari hii inaanzia pale makaa yanapotoka mwilini. Ng'ombe hawezi kuyasaga. Hupita matumbo yote manne, yakaloweka majimaji ya kila chumba, yakabandikwa chumvichumvi na chembe za mimea na bakteria, na mwisho yakatoka ndani ya kinyesi yakiwa na mzigo ambao hayakuingia nao. Makaa makavu yakifukiwa peke yake shambani huweza kwa muda kuunyang'anya mmea nitrojeni. Yale yaliyopita ndani ya mnyama yameshajazwa. Mnyama hakuombwa, hakulazimishwa kufanya kazi ya ziada. Kucheua kwake na kutembea kwake kumetosha.

Sasa tuiweke Kaptembwo ndani ya habari hii. Ni mtaa uliobanana, ploti kwa ploti, vyumba vya mabati na vya mawe, vyoo vya pamoja, mifereji ya wazi. Humo humo kuna kuku, mbuzi, kondoo, nguruwe, na ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa bandani akiletewa majani kwa mkokoteni. Ufugaji wa mjini Nakuru umechunguzwa kwa miaka mingi. Dick Foeken wa Uholanzi aliandika kitabu kizima kuuhusu, kilichotoka mwaka wa 2006, akifanya kazi pamoja na Samuel Owuor. Nancy Karanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Mary Njenga wamechunguza jinsi samadi na takataka zinavyotumika na zinavyopotea katika jiji hili. Anayefuga hapa hafugi kwa ajili ya kujifurahisha. Mayai ni karo, mbuzi ni akiba ya siku ya hospitali. Lakini samadi haina pa kwenda. Shamba liko mbali, gari ni gharama, na mvua ikinyesha kinyesi hufuata mfereji.

Mfereji huishia wapi? Kusini uko uzio wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Mto Njoro unashuka kutoka mteremko wa mashariki wa Mau, unapita mji wa Njoro na maeneo ya Chuo Kikuu cha Egerton, unapita pembeni mwa mitaa ya magharibi ya jiji na kuingia ziwani. Ziwa halina mto wa kutokea. Kinachoingia hubaki, isipokuwa maji yanayopaa kwa jua. Heroe waliolipatia ziwa hili jina duniani hula mwani mdogo sana unaoota katika maji ya magadi, na mwani huo una kipimo chake: magadi yakizidi au yakipungua, uchafu ukiongezeka, meza yao inavurugika. Ziwa Nakuru pamoja na Elementaita na Bogoria yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Kuku wa nyuma ya nyumba na heroe wa ziwani wameunganishwa na maji yaleyale, hata kama uzio umewatenga.

Anayefuga kuku mia katika kibanda anaijua amonia hata kama hajui jina lake. Ukifungua mlango alfajiri macho yanatoka machozi na koo linawasha. Bakteria wamevunja mkojo wa kuku, ambao kwa ndege hutoka pamoja na kinyesi kama kile cheupe kinachoonekana juu yake, na nitrojeni iliyokuwemo imepaa. Harufu hiyo ni mbolea inayotoroka. Kuku anayeivuta kutwa hupata matatizo ya macho na ya kifua, na akisimama juu ya maranda mabichi nyayo zake huchubuka. Makaa yaliyopondwa na kuchanganywa na maranda hunyonya unyevu na kuishika amonia kwenye uso wake mpana. Hapo pia pana kanuni ya kushika. Makaa mapya, hasa yenye jivu jingi, yana tabia ya magadi, na magadi huifukuza amonia badala ya kuishika. Hivyo yaloweshwe kwanza na kuachwa yapoe na kutulia, jivu lichujwe, na yachanganywe kwa kiasi, tuseme sehemu moja kwa sehemu kumi za maranda au pungufu ya hapo. Bandani kwa ng'ombe yanaweza kumwagwa mahali mkojo unapokusanyika. Mkojo ndio wenye nitrojeni nyingi inayopotea upesi, na ndio ambao karibu hakuna mtu anayeukinga.

Mbali na mji, kinyesi chenye makaa kinakutana na watumishi wengine. Mwaka wa 1974 wanasayansi wawili, Anderson na Coe, walichapisha walichokiona Tsavo. Waliweka kilo moja na nusu ya kinyesi cha ndovu, na mbawakawa wapatao 16,000 wakakijia; baada ya saa mbili kilikuwa kimeliwa, kimefukiwa au kimebingirishwa na kuondolewa. Baadhi ya mbawakawa hawa husafiri usiku wakisukuma donge lao kwa mstari ulionyooka, na mwaka wa 2013 Marie Dacke na wenzake walieleza jinsi aina moja ya Afrika Kusini inavyojiongoza kwa mwanga wa Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota unaopita angani. Waliwavisha kofia ndogo wasione mbingu, wakapotea njia. Walipowavua, wakanyoosha tena. Mdudu mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya mchele amepewa kusoma anga ili kinyesi kisirundikane duniani. Mimi nikifika hapo hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Australia ilipopelekewa ng'ombe na wazungu, mbawakawa wa huko walikuwa wamezoea kinyesi kikavu cha kangaruu na hawakukiweza cha ng'ombe. Malisho yakajaa marundo na nzi. Tangu mwaka wa 1968 serikali yao ikawa inaachilia mbawakawa waliotolewa Afrika na Ulaya. Miaka mingi baadaye mfugaji mmoja wa magharibi mwa nchi hiyo, Doug Pow wa Manjimup, akaanza kuwalisha ng'ombe wake makaa yaliyochanganywa na molasi, theluthi moja ya kilo kwa ng'ombe kwa siku, akawaachia mbawakawa kazi ya kufukia. Hakukodi trekta. Stephen Joseph na wenzake walilichunguza shamba hilo na kuchapisha mwaka wa 2015: makaa yalikuwa yameshuka udongoni yakiwa yamebeba virutubisho, na udongo ulikuwa umenufaika. Mti, moto, ng'ombe, mdudu na nyasi, kila mmoja alifanya lile aliloumbiwa, na mkulima akaangalia.

Nina hofu moja na nitaisema wazi. Tukishaambiwa makaa ni mema kwa mifugo, kuna atakayeinua shoka. Msitu wa Mau umekatwa vya kutosha, na mto Njoro unazaliwa huko. Hakuna ng'ombe anayestahili kulishwa msitu. Bonde la Ufa lina mabaki mengine mengi: magunzi ya mahindi kutoka Rongai na Subukia, mabua ya ngano ya Njoro na Mau Narok, unga wa mbao na maranda kutoka viwanda vya mbao, matawi yanayopogolewa mashambani. Mary Njenga na wenzake wamefanya kazi Embu na jiko linalopikia gesi inayotoka kwenye vijiti na magunzi, na chakula kikishaiva humbakia mpishi makaa chini ya jiko. Moshi hupungua jikoni, kuni hupungua, na mabaki yake ndiyo haya tunayoyazungumzia. Ubao uliopakwa rangi au dawa ya mchwa usichomwe kamwe kwa kazi hii, na vumbi lililookotwa chini ya kibanda cha makaa, limechanganyika na mchanga, plastiki na mafuta ya taa, lisiingie kinywani mwa mnyama. Nakuru ina kampuni ya maji na usafi, NAWASSCO, ambayo imekuwa ikitengeneza makaa ya duara kutokana na kinyesi cha binadamu kilichokaushwa, kikachomwa pamoja na unga wa mbao na kushikishwa kwa molasi. Ni kazi njema, nami naiheshimu, kwa sababu imegeuza aibu ya mji kuwa chakula kilichoiva. Makaa hayo lakini ni ya jiko. Zizini yasifike.

Kama ningeulizwa na mfugaji wa Kaptembwo aanzie wapi, ningemwambia aanzie chini ya miguu ya kuku na si mdomoni mwa ng'ombe. Pale gharama ni ndogo, kosa halimdhuru mnyama kwa haraka, na pua yake mwenyewe itampa jibu ndani ya wiki chache. Maranda hayo yenye makaa na kinyesi yakirundikwa, yakafunikwa yasinyeshewe na kugeuzwa, huwa mboji isiyonuka sana, nyepesi kubebeka kwenye gunia, na mkulima wa Barut au wa Njoro atakuwa na sababu ya kuinunua. Daktari wa mifugo aulizwe kabla ya chochote kuliwa na mnyama.

Magunia hayo yana nini cha kufanya shambani? Joseph Kimetu na wenzake walichapisha mwaka wa 2008 majaribio ya magharibi mwa Kenya, katika mashamba yaliyofyekwa kutoka msituni kwa nyakati tofauti, mengine miaka michache tu, mengine zaidi ya miaka mia. Katika yale yaliyochoka zaidi, mahindi yaliyopata makaa yalikaribia kuzaa maradufu. Udongo uliokwisha kuitwa mfu ulikuwa unangoja mahali pa kuishikia mvua na chumvichumvi zake.

Samadi peke yake hudumu kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2018 Fiona Marshall, Stanley Ambrose na wenzao walieleza katika jarida la Nature walichokikuta Narok, ng'ambo ya Mau. Mahali ambapo wafugaji wa kale walilaza ng'ombe, mbuzi na kondoo wao kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita bado pana fosforasi, nitrojeni na kalsiamu nyingi kuliko nyika inayopazunguka. Nyasi za hapo ni laini na za kijani, miti haijaota, na wanyama wa porini huja kulisha. Ng'ombe waliolala pale wameoza zamani, wachungaji wao hatuwajui majina, na swala wa leo anakula kwao.

Nakuru yenyewe ina mahali pa namna hiyo. Hyrax Hill, kilomita chache kutoka katikati ya jiji kwenye barabara ya Nairobi, palichimbwa na Mary Leakey mwaka wa 1937 na 1938. Miongoni mwa yaliyomo ni mashimo ya Sirikwa, mazizi yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi na wafugaji wa karne zilizopita, na kando ya kila shimo kuna kilima kidogo cha samadi na taka walizokuwa wakizitoa na kuzimwaga upande wa mteremko. Kuna makumbusho madogo hapo, na mtoto wa shule kutoka Kaptembwo anaweza kwenda, akayatembelea mashimo hayo pamoja na mwalimu wake, na kurudi nyumbani kabla ya kuku kuingia bandani.